Kutoka cc 450 ya mapigo manne kwenda tustroki ndogo: ushauri tafadhali

Mpanda_Meru

Wakuu, salaam. Ninamiliki pikipiki ya vumbi ya cc 450, ya mapigo manne, na sehemu kubwa ya safari zangu ni vijia vya chini ya Mlima Meru, Monduli na, likizo inaporuhusu, Usambara. Kwenye tambarare sina lalamiko. Tatizo huanza pale njia inapobana, mawe yanapoteleza na ninapolazimika kugeuza kwenye kona finyu: nikifungua mafuta kidogo tu gurudumu la nyuma linachimba, na injini ikizimika katikati ya mlima, kuiwasha na kuisukuma kunanimaliza nguvu zote. Ninafikiria kuiuza ninunue tustroki (ya mapigo mawili), ama ya cc 125 ama ya 250. Nina kilo 84 na umri umeshavuka arobaini. Waliokwisha kuhama wanieleze: mbali na moshi na kelele, ni nini hasa kinachobadilika?

Njia_ya_Mbuzi

Mkuu, kwanza ni uzito, na sisemi ule wa mizani pekee. Yamaha WR450F, ambayo ni ya mapigo manne, ikiwa na mafuta inakaribia kilo 120, ilhali tustroki yao ya YZ125 ina takriban 95. Tustroki ya 250 haipishani sana na 450 kwa kilo, lakini ukiipanda utaiona nyepesi, kwa sababu haina kemshafti (mhimili wa kufungua valvu) wala valvu zenyewe kule juu, na vyuma vinavyozunguka ndani ya injini ni vichache, hivyo inakubali kulazwa na kuinuliwa upesi. Pili ni breki ya injini. Kwenye 450 ukifunga mafuta injini inakushika. Kwenye tustroki haikushiki, na siku za mwanzo utajikuta unaingia konani na mwendo mkubwa kuliko uliokusudia. Zikague breki zako mapema.

Kuhusu ukubwa, usishuke hadi 125. Kwa kilo zako, na kwa hewa nyepesi ya huko, itakulazimu injini iwe inalia juu muda wote, na ikishuka chini ya mzunguko wake wa nguvu ukiwa mlimani, basi umekwama. Tafuta 250 au 300 ya enduro, yaani iliyotengenezwa kwa safari za njia mbaya. KTM 300 EXC ina pistoni yenye kipenyo cha milimita 72 na mwendo wa milimita 72, na inapanda taratibu kwa mzunguko wa chini bila kuzimikazimika. Za miaka ya karibuni zina stata ya umeme pia. Mpanda pikipiki Graham Jarvis alishinda Erzbergrodeo, mbio ngumu za mlimani za Austria, mwaka 2016 na 2018 kwa Husqvarna ya 300, jambo ambalo mashabiki wa 450 hawapendi kukumbushwa.

Vumbi_la_Monduli

Ninaomba kupingana kidogo na mwenzangu. Mtu aliyezoea 450 akipewa 300 ataiendesha vilevile, kwa kutegemea nguvu, na mikono itaendelea kuuma. Cc 125 humlazimisha mtu kutumia klachi, kuchagua gia mapema na kutunza mwendo wake, na ukiangusha unaiinua mwenyewe bila kuita mtu. Hata hivyo ninakiri kwamba 125 nyingi zinazouzwa ni za motokrosi (mbio za uwanjani): hazina taa, shokapu zake ni ngumu kwa mawe, na kufika nayo Lushoto kunahitaji gari la kuibeba.

Kabla hujauza, jaribu jambo la bei nafuu. Weka spoketi ya nyuma yenye meno mawili au matatu zaidi, ili pale unapotumia gia ya kwanza, ambayo ndiyo inayorukaruka, uweze kupita na ya pili.

Fundi_Sakina

Ndugu zangu mmeizungumzia pikipiki, mkaisahau oili. Wazee waliozoea Yamaha AG100 za mabwana shamba wanajua tangi la oili lilikuwa peke yake na pampu ikafanya kazi. YZ haina pampu hiyo, oili unaichanganya mwenyewe na petroli, na ukiitilia petroli tupu pistoni inakamata. Kwa uwiano wa petroli 40 kwa oili 1 unahitaji mililita 25 kwa kila lita, yaani mililita 125 kwa lita tano, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako kwanza. Beba chupa ndogo uliyokwisha kuichora mstari, kwa sababu vijijini utapata petroli usipate oili. Ile ya injini za boti msiitumie: imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya ziwa au bahari, si kwa joto la pikipiki inayopanda mlima.

Jambo la pili ni kabureta. Arusha iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, kwa hiyo jeti (kitundu cha kupitisha petroli) iliyopangwa hapa itakuwa ndogo mno ukiteremka nayo hadi Dar es Salaam: hewa inazidi petroli, injini inachemka, na wengi huelewa wakati pistoni imeshakwaruzika. Matoleo ya TPI ya KTM (yanayopuliza petroli kwa umeme badala ya kabureta), yaliyoanza na ya mwaka 2018, yanapima hewa yenyewe na yana tangi lake la oili. Lakini uliza kwanza nani atakutengenezea umeme wake ukigoma.

Mpanda_Meru

Shukrani, wakuu. Nimeanza kuegemea 250 yenye kabureta. Fundi, kwenye mteremko mrefu kama wa kutoka Magamba kule Usambara, nikifunga mafuta huku gia imeingia, injini inapata oili kutoka wapi?

Fundi_Sakina

Inapata kidogo sana, kwa kuwa oili huingia pamoja na petroli. Vuta klachi uiache injini itulie huku breki zikifanya kazi, na kila baada ya muda fungua mafuta kidogo ili iloane. Usiiache ikisukumwa na gia kwa mzunguko wa juu kilomita nzima. Ukiipata hiyo 250, ilete kabla ya safari ya kwanza tuifungue silinda tuone pistoni na ringi. Maneno ya muuzaji kuhusu saa ilizotembea yasikutoshe.