Mtoto wa miaka miwili na nusu ana kichocho cha tumbo na hajawahi kuoga ziwani

Mhudumu_Mwaloni
Wakuu, habari za leo. Nipo kwenye huduma za afya ngazi ya jamii, visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Mwanza. Kuna mtoto wa miaka miwili na nusu, kilo 11. Choo kina damu na makamasi, tumbo limejaa, na maabara wameona mayai ya kichocho cha tumbo. Mama anasema mtoto haingii ziwani kabisa, anaogeshwa nyumbani kwenye beseni, maji yanachotwa mwaloni (ufukweni) mchana. Alikotibiwa kaambiwa dawa ni za watoto wa shule, asubiri akue. Kaambukizwaje? Anapewa kiasi gani? Na konokono wa pale mwaloni tuwafanye nini? Wapo wanaotaka kumwaga sumu ya shambani majini.

Konokono_na_Maji
Beseni ndilo lililomwambukiza. Konokono wa kichocho cha tumbo kwa Ziwa Victoria ni jamii ya Biomphalaria: gamba bapa, limejiviringisha kama kamba iliyokunjwa na kulazwa chini. Wanakaa kwenye matete, chini ya magugu maji, wengine hadi kwenye mchanga wa chini. Konokono aliyeambukizwa hutoa lava (minyoo michanga ya kichocho) mamia, hata maelfu kwa siku, na mwanga ndio unaowatoa. Wanazidi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Lava haonekani kwa urahisi, ana mkia wenye panda mwishoni, na anapenya ngozi nzima isiyo na kidonda ndani ya dakika chache. Maji ya saa saba yakimwagwa kwenye beseni saa saba na nusu, lava bado wana nguvu, na mtoto amekaa humo hadi kiunoni.

Kinachomkinga ni muda. Lava hali chochote, anaishi kwa akiba aliyotoka nayo, na akifikisha saa 48 amekwisha. Kwa hiyo mama awe na vyombo vitatu vyenye mfuniko: cha leo kinajazwa na kuachwa, cha jana hakiguswi, kinachotumika ni kile cha juzi. Wakati wa kujaza achuje kwa kitambaa. Kitambaa hakizuii lava, kinazuia konokono, maana konokono mmoja aliyeingia kwenye pipa ataendelea kutoa lava kila siku na siku mbili zako hazina maana.

Mipango hii huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuongezea maji mapya juu ya ya jana: hesabu inaanza upya. Ya pili naiona ni mbaya zaidi kwa sababu mama anaamini amefanya vizuri: anachemsha maji ya kuogea, kisha anayapoza kwa maji mabichi ya ziwani. Apoze kwa maji yaliyokaa siku mbili. Kama anapasha tu, nyuzi 50 za Selsiasi kwa dakika 5 zinatosha kuua lava. Ya kunywa yachemshwe kabisa.

Tabibu_Kanda
Asisubiri hata kidogo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishusha umri wa kugawiwa dawa kwa jamii hadi miaka 2. Aliye chini ya hapo akikutwa na ugonjwa hutibiwa kwa uamuzi wa mganga. Na tafadhali, albendazoli haitibu kichocho, wazazi wengi wanapewa wakidhani yote ni "dawa ya minyoo".

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo. Kilo 11 ni miligramu 440. Kidonge cha 600 chenye alama za kugawia hukatwa robo nne za 150, kwa hiyo robo tatu, yaani 450. Apimwe uzito siku hiyohiyo, asikadiriwe kwa macho. Ale kwanza, kwani tumbo tupu huongeza kutapika. Dawa ni chungu sana: isagwe kati ya vijiko viwili na kuchanganywa na uji wenye sukari au ndizi mbivu, vijiko vichache tu, maana bakuli zima halimaliziki na dozi inabaki humo. Asizibwe pua wala asilazwe chali, anaweza kupaliwa.

Ipo pia arprazikwanteli, vidonge vya miligramu 150 vinavyoyeyuka kwenye maji, kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Majaribio yake yalifanyika Kenya na Ivory Coast. Dozi yake ni miligramu 50 kwa kilo, msiichanganye na ile ya 40. Ulizeni wilayani kama imefika.

Mtoto mwenye historia ya degedege lisiloelezeka, hasa eneo la ufugaji wa nguruwe, aonwe na daktari kabla ya kumeza, maana huenda ana tegu wa nguruwe kwenye ubongo.

Mhudumu_Mwaloni
Asante sana daktari. Akitapika je? Na tutajuaje kapona?

Tabibu_Kanda
Akitapika ndani ya saa moja mrudisheni, mganga aamue kurudia. Akae kituoni saa moja au mbili. Maumivu ya tumbo na kuharisha, hata kukiwa na damu kidogo, hutokea kwa mwenye minyoo mingi na hupita ndani ya siku moja.

Dawa inaua minyoo mikubwa, ile michanga ya wiki chache inabaki. Ndiyo maana mtoto anayeendelea kugusa maji apimwe tena baada ya wiki 6 hadi 8, na dozi irudiwe ikihitajika. Choo cha siku moja kinaweza kudanganya: sampuli ya kipimo cha Kato-Katz (kuhesabu mayai ya choo kwa darubini) ni miligramu 41.7 tu, mayai machache yanakosekana. Leteni choo cha siku mbili au tatu tofauti.

Konokono_na_Maji
Sumu ya shambani hapana! Mtaua samaki na kuwanywesha watu. Dawa ya konokono ni niklosamidi, nayo pia huua samaki. Hutumika kwa kibali kwenye bwawa au mfereji: gramu 1 ya kiambata (dawa yenyewe iliyomo ndani ya unga) kwa mita 1 ya ujazo. Bwawa la mita 10 kwa 8, kina nusu mita, ni mita 40 za ujazo. Unga wa asilimia 70 utakuwa gramu 57. Ziwani inapotea kwenye maji mengi, na konokono wanarudi.

Fanyeni hivi: ng'oeni magugu na matete pale wanapochotea, mkiwa na mabuti na glavu ndefu za mpira, asubuhi na mapema, na myatupe nchi kavu mbali na maji. Rudieni yakiota.

Halafu muulizeni mama nepi anafua wapi. Choo cha mtoto huyu kina mayai, na yakigusa maji yasiyo ya chumvi yanaangua na kumtafuta konokono ndani ya saa chache. Nepi zifuliwe nyumbani, maji yake yamwagwe chooni.