Mrejesho: Chakula nilichowapelekea wenzangu wa bao

Ndugu zangu, niliwauliza ni chakula gani cha nyumbani ningeweza kuwapelekea wenzangu ninaocheza nao bao kila Jumamosi, ilhali mmoja wao hali samaki na mwingine hapendi kabisa pilipili. Wengi mlinishauri mkate wa kumimina, nami nikaufuata ushauri huo, ingawa mara ya kwanza uligoma kuumuka kwa sababu nilitumia tui la moto mno, likaiua hamira. Mara ya pili niliuloweka mchele usiku kucha, nikausaga kwa tui zito la vuguvugu pamoja na iliki, nikatia hamira na kuuacha hadi ukatoa mapovu, kisha nikaongeza sukari na ute wa yai, nikaumimina katika sufuria iliyopakwa samli na kuupalia makaa juu na chini. Uliisha kabla kete hazijapangwa. Yule asiyekula samaki alimaliza vipande vinne, na sasa amejitolea kutuletea mihogo ya nazi. Mwenzake ameahidi maharage ya nazi, ambayo mimi, kusema kweli, nayapenda kuliko biriani. Waliopendekeza pweza wanisamehe.