Mrejesho: Kifo cha kaka yangu gerezani
Ndugu zangu, nilipouliza namna ya kupata ukweli kuhusu kaka yangu, mgonjwa wa kisukari aliyetegemea insulini na aliyefia gerezani tukaambiwa tu kwamba ni kifo cha kawaida, mlinijibu kwa upole na kwa undani. Nawashukuru kwa dhati.

Ushauri uliotufaa kuliko mwingine wote ni ule wa kutozika kabla ya uchunguzi wa mwili, na kumtaka daktari aliyechaguliwa na familia ahudhurie. Yeye ndiye aliyesisitiza yapimwe maji yaliyo ndani ya jicho, kwa kuwa kiwango cha sukari katika damu hubadilika baada ya kifo na hakiaminiki. Majibu yalionyesha sukari na ketoni (kemikali ambazo mwili huzitoa unapochoma mafuta badala ya sukari) nyingi mno, dalili ya mwili uliokosa insulini.

Katika barua ya kudai uchunguzi huru tulitaja Kanuni za Nelson Mandela za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, hasa ya 24, inayotaka mfungwa atibiwe kwa kiwango kile kile cha walio uraiani, na ya 71, inayotaka kifo cha gerezani kiripotiwe kwa mamlaka iliyo nje ya uongozi wa gereza. Hazifungi kama sheria, lakini barua ya awali isiyozitaja haikujibiwa kabisa. Sasa hakimu amefungua uchunguzi.

Jalada la matibabu tumelipata. Daftari la ugawaji dawa bado, na wakili anasema bila hilo itakuwa vigumu kuthibitisha nani alimnyima dozi. Malalamiko tuliyopeleka kwa uongozi wa gereza hayakuzaa chochote.