Gari likikatisha ruti tunashuka tunaguna tu, tatizo konda au sisi?

Wadau naomba tulijadili hili bila matusi. Juzi saa mbili usiku nimepanda gari kituo cha Simu 2000 hapa Dar linaenda Gongo la Mboto, limeandikwa kabisa mbele, nauli konda kashakusanya kabla hata hatujafika External. Kufika Buguruni anagonga bodi, "mwisho hapa, gari linageuza". Basi watu wote wale waliobanana mpaka mlangoni wakaanza kushuka, ah hawa watu bwana, Mungu anawaona, haoo wanaenda kugombania gari lingine na kutoa nauli upya. Akabaki mama mmoja siti ya nyuma ya dereva, ndoo yake ya dagaa mapajani, akasema mwanangu mimi nimelipa Gongo la Mboto, sishuki, kama unageuza geuza na mimi.

Kilichoniuma sio konda, ni abiria wenzetu walioshuka wanamcheka dirishani, "mama unajichosha bure, kwani mia ngapi hiyo". Na mimi ninayeandika hapa nilikuwa nishashuka, nisijifanye shujaa. Tukarudi ndani watu kama sita tukakaa. Konda kafoka weee, dereva kazima taa za ndani, tumekaa gizani hapo. Mwisho hawakutufikisha lakini nauli ya kuunganisha walitutolea.

Gari lina leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na ruti ina mwanzo na mwisho wake, konda analijua hilo kuliko mimi na wewe. Anakatisha kwa sababu keshapiga hesabu kwamba hawa wataguna watashuka. Najua naye ana hesabu ya bosi kila siku na foleni inamla, namuonea huruma, ila hesabu yake kwa nini niilipe mimi mara mbili?

Kuna watakaosema mtu wa kawaida hana ubavu. Haya, Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti aolewe na miaka 15 wazazi wakiridhia, tumeguna nayo miaka 45 mpaka mwanaharakati Rebeca Gyumi alipoishinda Mahakama Kuu 2016, serikali ikakata rufaa, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mtasema yule kasomea sheria, sawa, mama wa dagaa kasomea nini?

Mwingine ataleta funika kombe mwanaharamu apite. Huyu mwanaharamu wa Buguruni mbona anapita kila siku saa mbili usiku, hilo kombe tutalifunika mpaka lini?

Sasa nyie wa ruti za Mbezi, Mbagala na Bunju, mkiambiwa mwisho hapa mnafanyaje? Makonda na nyie semeni, ila msianze na habari za foleni, hiyo nishawapa.