Mjadala: Mshauri nasaha aliye kazini alazimishwe kusoma uzamili?

Mwanzisha mada
Wadau, tangu Kenya ipitishe Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka 2014, swali hili haliishi vikaoni mwetu. Mwenye diploma aliyehudumia watu miaka kumi aachwe aendelee, au aambiwe bila uzamili afunge ofisi? Mimi napinga hiyo "lazima".

Fani hii hapa kwetu haikukulia vyuo vikuu. Wengi walianza kusikia habari za ushauri nasaha baada ya bomu la Agosti 7, 1998, Nairobi. Kisha vikaja vituo vya VCT, vya ushauri na kupima Ukimwi kwa hiari, miaka ya 2000, na watu wakajifunza kazi wakiwa wameketi na mtu aliyetoka kupewa majibu ya kipimo cha Ukimwi. Leo huyo ndiye tunamwambia hajasoma?

Na uzamili wenyewe tunaujua. Madarasa ya jioni na Jumamosi, halafu tasnifu. Mtu anakwama sura ya tatu, anahangaika na hojaji, mwishowe anamlipa kijana amchambulie data kwa SPSS, ile programu ya takwimu. Sijamwona mteja aliyepata nafuu kwa SPSS. Kinachomnoa mshauri ni kusimamiwa: unamwendea mkongwe, unamsimulia kikao kilichokushinda, anakuuliza kwa nini ulinyamaza pale ulipopaswa kuuliza. Lakini mara ngapi daftari la saa za kusimamiwa husainiwa juu juu tu, watu wakinywa chai? Hiyo "lazima" iwekwe hapo.

Mhadhiri wa jioni
Pole pole, ndugu. Chuo kikifundisha vibaya, dawa ni kukirekebisha chuo. Nimewahi kuletewa kijana aliyeshauriwa miezi mizima kuhusu "msongo wa masomo" kumbe anasikia sauti. Alihitaji daktari wa akili tangu wiki ya kwanza. Aliyemshauri alikuwa na moyo mzuri kabisa, ila hakufundishwa kutambua.

Na huyo mkongwe wako naye alisimamiwa na nani? Kama hakufundishwa, atarithisha makosa yake.

Muuguzi wa kaunti
Ngojeni niwachanganye zaidi. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Nairobi kwa wanawake 421 waliopitia ukatili wa kijinsia. Waliowahudumia walikuwa wahudumu wa afya ya jamii, vikao 5 tu, na dhiki ya wale wanawake ilipungua kuliko ya waliopata huduma ya kawaida. Harare nako, matokeo ya 2016 yalionyesha kwamba wahudumu wa kawaida wanaoketi na wagonjwa kwenye benchi la kliniki, kazi iliyoanzishwa na daktari Dixon Chibanda pamoja na akina bibi wa mtaa, wanapunguza sonona. Hakuna uzamili hapo.

Ila msinitumie vibaya! Kote kuwili walifuata utaratibu ulioandikwa, na walisimamiwa. Tena ilikuwa huzuni, hofu na mafadhaiko, si maradhi mazito kama ya yule kijana wa mhadhiri.

Mwalimu, Dodoma
Nyie mnabishania uzamili. Huku shuleni mtu huteuliwa kuwa mwalimu wa ushauri kwa sababu ana sura ya upole. Tungeshukuru hata semina ya wiki mbili.

Mteja
Naomba na sisi tunaokaa kiti cha pili tusikike. Ada ya huo uzamili mtaitoa wapi kama si kwenye bei ya kikao? Mimi tayari naruka mwezi. Nikishindwa kabisa, nitarudi kwa mchungaji, ambaye hana leseni wala daftari.

Mwanzisha mada
Mhadhiri, swali la msimamizi limeingia. Basi nasogeza kigingi: anayetaka kusimamia wenzake ndiye alazimishwe kusoma, na asome uzamili wa mazoezi, apimwe kwa rekodi za vikao vyake badala ya tasnifu. Mwenye diploma abaki kazini, asajiliwe kwa mipaka iliyoandikwa: akisikia dalili fulani, anampa mteja rufaa siku hiyo hiyo.

Mhadhiri wa jioni
Mipaka naikubali. Ila chuo gani kitathubutu kutoa uzamili bila tasnifu, na hizo saa za kusimamiwa atazilipa nani: mshauri, mwajiri au kaunti?

Muuguzi wa kaunti
Kaunti? Hata mafuta ya ambulensi tunayagombania.