Haskell: kosa la aina na programu inayoanguka. Saini, tundu, trace au debaga ya GHCi?

moduli_mpya

Wakuu, naomba tulinganishe njia za kusaka hitilafu kwenye Haskell. Natumia GHC 9.6 (kompaila ya Haskell) na cabal (chombo cha kujenga programu), na nina mambo mawili.

La kwanza, fanksheni hii haipiti kwenye kompaila:

```
wastani xs = sum xs / length xs
```

Naambiwa hakuna instansi ya `Fractional Int` (yaani `Int` haigawanywi kwa `/`), na kidole kinanyooshewa `/`. Kuna wanaoshauri saini ya aina (mstari unaotangaza aina ya fanksheni), wengine matundu (nafasi zilizoachwa wazi, zenye jina linaloanza na `_`), wengine `-fdefer-type-errors`. Ipi itangulie?

La pili, programu nyingine inapita vizuri lakini ikiendeshwa inaanguka na ujumbe `Map.!: given key is not an element in the map`. Mstari unaotajwa uko ndani ya maktaba ya containers (yenye `Map`, jedwali la funguo na thamani), si kwenye faili langu. Hapa nichague `trace` (kuchapa thamani programu ikiendelea), debaga ya GHCi (mstari wa amri wa Haskell), `HasCallStack` au `-prof` (ujenzi wa kupima programu)?

Bi_Saini

Saini kwanza, kabla ya chombo kingine chochote. Bila saini GHC inakisia: `length` inarudisha `Int`, `/` inataka pande zote mbili ziwe za aina moja, basi kila kitu kinageuka `Int` na lawama inaangukia `/`, ambayo haina kosa. Andika:

```
wastani :: [Int] -> Double
```

Malalamiko yanahama mara moja. Sasa unapata makosa mawili, moja kila upande wa `/`, yote yakisema ilitarajiwa `Double` ikakutwa `Int` (kwa `sum xs` ni `[Double]` na `[Int]`). La upande wa `length xs` lina namba GHC-83865. Tayari umejua kwamba kinachokosekana ni kugeuza namba, tena pande zote mbili. Soma maneno hayo kwa mpangilio sahihi: "expected" ni kile mahali hapo panachodai, "actual" ni kile ulichokileta wewe. Ukiyageuza utarekebisha upande usio na tatizo.

Weka saini hata kwa fanksheni za ndani ya `where`, ila hapo pana mtego. Kigeu cha aina `a` cha ndani si `a` ya nje mpaka saini ya nje ianze na `forall a.` na kiendelezi cha lugha `ScopedTypeVariables` kiwe kimewashwa. Dalili yake ni ujumbe unaotaja `a` na `a1` pamoja na maneno "rigid type variable". Ukiona `a1`, tafuta `forall` iliyosahauliwa. Tena tangu GHC 9.2, ukiita `ghc` moja kwa moja lugha ya kawaida ni GHC2021, ambayo inawasha kiendelezi hicho. Lakini kama faili lako la cabal lina `default-language: Haskell2010`, hakiwashwi. Ndiyo maana faili lilelile hupita kwa `ghc Main.hs` na kukataliwa na `cabal build`.

tundu_wazi

Naunga mkono. Saini ikishakuwepo, tundu ndilo linalokuonyesha cha kuweka:

```
wastani :: [Int] -> Double
wastani xs = _a (sum xs) / _b (length xs)
```

GHC itakujibu kwamba `_a :: Int -> Double`, kisha itaorodhesha vinavyoingia hapo. Humo kuna `fromIntegral`, `realToFrac` na `toEnum`. Zote tatu zinapita kwa aina, lakini chagua `fromIntegral`, kwa sababu ndiyo inayomwambia msomaji unachofanya. Kompaila inakuhakikishia umbo tu. Maana ni juu yako, na hata baada ya kupita, `wastani []` itakupa `NaN` (si namba) bila onyo lolote.

Orodha hiyo huonyesha mapendekezo 6. Ukitaka zaidi weka `-fmax-valid-hole-fits=20`. Ipo pia `-frefinement-level-hole-fits=1`, inayotafuta fanksheni zinazobakiza hoja moja, ila kwenye moduli kubwa inachelewesha sana.

Jambo jingine: usipime aina kwenye GHCi ukadhani ndivyo itakavyokuwa kwenye faili. Andika `ongeza = (+)` moja kwa moja kwenye GHCi, utapata aina ya jumla ya `Num a`. Iweke kwenye moduli bila saini, na kama hakuna kingine kinachoibana, inakuwa ya `Integer` tu. Kizuizi kinachofanya hivyo kimezimwa kwenye mstari wa amri wa GHCi tangu toleo la 7.8, lakini kwenye mafaili bado kipo.

mjenzi_polepole

Msiitupe `-fdefer-type-errors`. Ukibadilisha aina ya data inayotumika kwenye moduli nyingi, makosa yanamwagika kila mahali nawe unataka kujaribu sehemu moja tu iliyokwisha kurekebishwa. Fungua `cabal repl --repl-options=-fdefer-type-errors` (GHCi ya mradi wako), makosa yanageuka maonyo, na unaweza kuita fanksheni iliyo salama.

Bi_Saini

Kwa kazi hiyo sawa, ndugu yangu, lakini iishie kwenye repl. Ikiingia kwenye faili la cabal, programu yenye kosa inajengwa na kutoka. Kwa uvivu wa Haskell, kosa linalipuka siku ile tu sehemu hiyo inapohitajika. Kwenye mashine ya kujengea weka `-Werror=deferred-type-errors`, maonyo hayo yarudi kuwa makosa. Kwa mstari mmoja kama wa `wastani` haina msaada.

ufunguo_haupo

Nijibu la pili. Rundo la miito (orodha ya nani aliita nani, inayochapwa pamoja na kosa) linaandika tu fanksheni zenye `HasCallStack` kwenye saini zao. `Map.!` haina, kwa hiyo rundo linakatikia kwenye `error` ya ndani ya maktaba. Ukiongeza `HasCallStack` kwenye fanksheni zako peke yake hutaona badiliko. Njia ya bei nafuu ni kuiondoa `!` yenyewe:

```
tafuta :: (HasCallStack, Ord k, Show k) => k -> Map k v -> v
tafuta k m = case Map.lookup k m of
  Just v  -> v
  Nothing -> error ("ufunguo haupo: " <> show k)
```

`HasCallStack` inatoka `GHC.Stack`. Sasa ujumbe una ufunguo wenyewe na mstari ulioita. Ukitaka kupanda juu zaidi, ongeza `HasCallStack` kwa anayeita, kisha kwa anayemwita huyo. Mnyororo unakatika kwa wa kwanza asiyekuwa nayo.

`trace` ni ya haraka zaidi: `traceShow (k, Map.member k m) (m Map.! k)`. Ila ijue tabia yake. Inachapa kwa mpangilio wa mahitaji, si wa mistari. Thamani inayotumiwa mara nyingi huchapa mara moja tu. Isiyohitajika haichapi kabisa. `traceShowId` kwenye orodha isiyo na mwisho haitamaliza kuchapa. Na jenga kwa `-O0`, maana uboreshaji wa kompaila unaweza kuzihamisha au kuziunganisha.

hatua_kwa_hatua

Kama hutaki kugusa msimbo, debaga inatosha:

```
cabal repl
:set -fbreak-on-error
:trace main
:hist
:back
```

Ikisimama kwenye kosa, `:hist` inaonyesha hatua za karibuni, 20 kwa kawaida, na `:back` inakurudisha kwenye msimbo wako ambapo `:print k` inakuonyesha kigeu. Kilichoandikwa `_t1` bado hakijakokotolewa. `:print` inakiacha hivyohivyo, `:force` inakikokotoa. Usichanganye na `-fbreak-on-exception`, ambayo husimama hata kwa makosa ambayo programu inayadaka yenyewe. Na debaga huona moduli zinazotafsiriwa tu, hivyo ndani ya containers hutaingia.

`-prof` ningeiacha mwisho. Inajenga upya maktaba unazotegemea zisizokuja na GHC, kwa hiyo ipe folda yake:

```
cabal run programu --enable-profiling --builddir=dist-prof -- +RTS -xc
```

Usipoweka `-rtsopts` kwenye `ghc-options`, `-xc` itakataliwa. Nayo huchapa rundo kwa kila kosa linalorushwa, hata lililodakwa, kwa hiyo angalia la mwisho.

moduli_mpya

Asanteni sana. `fromIntegral` pande zote mbili, imepita. Nimeweka `tafuta`, sasa inasema `ufunguo haupo: "Dodoma\r"`. Dodoma imo kwenye `Map`, na ufunguo nausoma kutoka faili la CSV.

ufunguo_haupo

Hiyo ndiyo faida ya `show`. Ungechapa kwa `putStrLn` usingeiona `\r`. Faili la CSV limetoka Windows, ambako mstari huishia na `\r\n`, na `lines` inakata kwenye `\n` peke yake. Rekebisha kwenye kusoma, si kwenye kutafuta:

```
withFile njia ReadMode $ \h -> do
  hSetNewlineMode h universalNewlineMode
  hGetContents' h
```

Hiyo apostrofi mwishoni mwa `hGetContents'` usiisahau. Isiyo na apostrofi ni mvivu, na `withFile` itafunga faili kabla halijasomwa.