Kuhifadhi ovari: Bouin, fomalini au Davidson? Fomu ya manunuzi inafungwa Ijumaa

Mkatatishu: Wakuu, maabara yetu ya serikali inapima kama kiuatilifu fulani kinaua folikuli changa (vifuko vya mayai ndani ya ovari). Niagize dawa gani ya kuhifadhi tishu: Bouin, fomalini au Davidson iliyorekebishwa? Ofisini kila mtu ana lake.

Parafini: Mbona umeacha yote ya muhimu? Panya wa aina kubwa (rat) au ndogo (mouse)? Ni rangi za kawaida za hematoksilini na eosini tu, au kuna upakaji wa kingamwili baadaye? Kuna atakayetaka DNA ya tishu hiyohiyo? Mwongozo gani?

DadaDarubini: Bouin, bila kusita. Kiini (nyuklia) cha seli ya yai kinatoka safi, mpaka wake unauona. Ovari ya panya mkubwa ikae saa 24, isizidi, kisha ethanoli ya asilimia 70, uibadilishe mpaka umanjano uache kutoka. Ukipitiliza, tishu inakauka na kumeguka kwenye mikrotomu, mashine ya kukata vipande vyembamba.

Parafini: Basi mwambie na ya asidi ya pikriki. Bouin ya kuchanganya mwenyewe ni 75 ml za mmumunyo wa pikriki ulioshiba, 25 za fomalini, 5 za asidi asetiki. Hatari iko kwenye ile chupa ya pikriki yenyewe. Huuzwa ikiwa imeloweshwa maji, halafu inasahaulika nyuma ya rafu. Maji yanapotea polepole, fuwele za manjano zinaota kwenye nyuzi za kifuniko, na kifuniko kikiwa cha metali panatokea pikrati, ambazo ni kali zaidi. Hapo msuguano wa kukifungua tu unaweza kuilipua. Ukiikuta hivyo usiiguse wala kuitikisa: toa watu, funga chumba, ita wategua mabomu. Ukiamua Bouin, nunua iliyochanganywa tayari, na usiimwage kwenye sinki.

Mkatatishu: Samahani. Panya wakubwa, majike wa kizazi cha kwanza, mwongozo wa OECD 443 (wa kupima athari za kemikali kwa uzazi). Hematoksilini na eosini, huenda na PCNA (protini ya kiini inayoonyeshwa kwa kingamwili).

HesabuZangu: Kama kuna PCNA, fomalini yenye bafa. PCNA ikishika vizuri, viini vya mayai madogo vinatoka kahawia na jicho halichoki. Bouin pia inaharibu DNA. Lakini ndugu, hesabu ya folikuli huvurugwa zaidi na ukataji kuliko dawa ya kuhifadhi. Kata mikroni 5, soma kipande kimoja kila baada ya idadi ya vipande uliyoipanga, na hesabu yai lenye kiini kinachoonekana tu, maana yai moja hujitokeza kwenye vipande kadhaa mfululizo. Msomaji asijue kundi la slaidi. Na dawa ya kuhifadhi iwe moja kwa makundi yote: ovari hunywea tofauti kwa kila dawa.

Joto4: Mnabishania chupa, na sampuli za uke za kufuatilia mzunguko wa panya anachukua nani? Pipeti ikizama mpaka kwenye shingo ya kizazi, mwili wa panya hujibu kama amepandwa. Mimba ya uongo inakaa siku kama 12 hadi 14 wakati mzunguko ni siku 4 au 5. Ripoti inasema kemikali imevuruga mzunguko, kumbe ni mkono.

DadaDarubini: Ndiyo maana kuna kundi lisilopewa kemikali. Litaonyesha.

Joto4: Litaonyesha kama mkono ni uleule kwa makundi yote. Zamu zikigawanywa kwa makundi, huna cha kulinganisha. Ncha iguse mlangoni tu, matone machache ya maji ya chumvi, basi.

HesabuZangu: Pamba iliyoloweshwa ni salama zaidi.

Joto4: Pamba ndiyo inayosugua! Panya mdogo wa mwili haivumilii.

Mkatatishu: Davidson hakuna aliyeigusa.

Parafini: Madume wa kizazi hichohicho utawachukua korodani, na korodani haziwekwi kwenye fomalini. Davidson ingekufaa kwa zote mbili, oda moja. Ila PCNA ijaribu kwanza kwenye ovari za ziada.

DadaDarubini: Hata Bouin inafaa kwa korodani.

Mkatatishu: Na ncha ya pipeti, plastiki au kioo?